Assumpta na Farasi Mpenda Tope

Assumpta Geraghty alikuwa na miaka hamsini na minne, magoti mabovu na donge moja moyoni: hajawahi kushinda kile chombo cha kioo.

Pale Curragh, uwanja wa mbio za farasi huko Kildare, Ireland, kabla ya mbio kubwa farasi huzungushwa mbele ya watu, na mwamuzi humchagua aliyependeza kuliko wote. Zawadi si ya mwenye farasi wala ya joki anayempanda. Ni ya mtunzaji, yule aliyeamka gizani kusugua, kuchana na kusuka singa. Chombo chenyewe ni cha kuwekea maua tu. Lakini hebu mwulize mtunzaji yeyote wa Kildare kama angekikataa!

Na Assumpta alimtunza bingwa. Hapo ndipo palipouma.

Bingwa huyo magazetini aliitwa Slieve Bawn, nyumbani Mossie. Alinunuliwa kwa bei ya kutupa, kwa kuwa mguu wake wa mbele ulitazama upande. Mbio zake tatu za kwanza, fupi zote, alitoka wa mwisho. Za nne pia alitoka wa mwisho, ila wenzake walipomaliza na kuanza kutembea, Mossie hakusimama. Joki alivuta hatamu nusura alale chali. Farasi akawapita wote mmoja mmoja, akauzunguka uwanja mzima mara ya pili, masikio wima kama mtu anayetafuta nyumba ya shangazi yake.

"Huyu hana mbio," alisema Fintan Quilty, mwenye zizi, akivua kofia. "Huyu ana pumzi. Kumbe tunamsimamisha wakati ndiyo kwanza anaamka!"

Akaandikishwa mbio ndefu, karibu maili mbili. Asubuhi ya siku hiyo, Assumpta akiwa ameshamng'arisha, Mossie akamponyoka, akajitupa kwenye dimbwi nyuma ya zizi na kugaagaa miguu juu. Muda wa kumwosha haukuwepo. Aliingia uwanjani kama kiazi kilichochimbuliwa sasa hivi, akashinda akiwaacha wenzake mbali kabisa.

Basi! Fintan ni mtu ambaye akimwona kunguru peke yake barabarani humpungia mkono ili asipatwe na nuksi. Papo hapo akatoa amri: Mossie asikimbie kamwe kabla ya kugaagaa, tena dakika za mwisho kama siku ile, kwa hiyo muda wa kumwosha haukupatikana tena. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na huyu wa tope hakuwahi kula shayiri kavu. Kwa miaka sita alishinda Curragh mara tatu, akashinda Uingereza, akashinda Ufaransa. Alipopelekwa Australia kwa ndege na kukuta ardhi kavu kama biskuti, Fintan alimwaga ndoo kumi na mbili za maji kwenye bustani ya watu ili bingwa apate tope lake. Akawa wa pili.

"Tope la kigeni," Fintan alieleza.

Na chombo? Kila mara kilikwenda kwa Dinny Culhane wa zizi la jirani, ambaye farasi wake hung'aa kama viatu vya padri.

"Mama Tope!" Dinny alizoea kumwita. "Vyombo vimejaa nyumbani, mke wangu siku hizi anawekea vitunguu. Nikuletee kimoja ukione kilivyo?"

"Kilete, nikuvunjie kichwani."

Septemba ile Mossie alikuwa na miaka tisa, na mbio za Curragh zingekuwa za mwisho maishani mwake. Assumpta alitaka mara moja tu, moja, watu waione ile rangi aliyoiona yeye kila siku chini ya tope: rangi ya chai iliyokolea. Kwa hiyo asubuhi hiyo, walipopita kwenye dimbwi na Mossie akaanza kuvuta kamba, alimshikilia kwa mikono miwili.

"Leo hapana, mzee wangu. Leo zamu yangu."

Fintan akafika kutoka kanisani. "Amegaagaa?"

"Amegaagaa, bosi. Tangu alfajiri. Ndiyo nimemaliza kumwosha."

"Vizuri lakini?"

"Pande zote mbili."

"Na mgongo?"

"Mgongo, shingo, mpaka sikio."

Uongo ulitoka laini kama siagi. Ulipokwisha kutoka, akamtazama Mossie. Je, akishindwa? Mbio za mwisho za bingwa, ziharibike kwa ajili ya chombo cha maua?

Mwamuzi, mama mmoja mwenye kofia pana kama sinia, hakuchelewa. Alimzunguka Mossie mara moja, akamkabidhi Assumpta chombo.

"We!" Dinny alibaki mdomo wazi. "Umeazima farasi wa nani?"

Assumpta akasogea kwenye uzio na chombo chake. Farasi walikuwa wanaondoka.

Mossie alianza nyuma, kama kawaida yake. Nusu ya safari, bado nyuma. Zikabaki hatua za kuhesabika kabla ya kona ya mwisho, na yuko wa mwisho kabisa.

"Mbona anatembea?" Dinny akachokoza. "Au anaogopa kuchafuka?"

Assumpta alikikumbatia chombo, akanong'ona, "Mungu wangu, nitakirudisha. Nitakirudisha leo hii."

Ndipo wengine wakaanza kuishiwa pumzi. Mossie hakuongeza mwendo; wao ndio walipungua. Akampita mmoja, wawili, watano. Akampata wa mbele mita chache kabla ya mstari, akamshinda kwa urefu wa shingo tu, safi, bila doa.

Assumpta alimkimbilia na magoti yake mabovu, akamvuta sikio. "Miaka sita!" alimfokea, machozi yakimtoka. "Miaka sita ungeweza kushinda ukiwa msafi, mnafiki mkubwa wewe!"

Fintan naye akaja, analia na kucheka. "Umeona? Si nilisema? Tope la alfajiri ndilo lenyewe! Linamwingia farasi mpaka kwenye mifupa!"

Assumpta alitaka kusema ukweli. Akakitazama chombo. Akakibana kwapani.

"Kuanzia kesho," Fintan akatangaza, "farasi wangu wote kumi na wanne watagaagaa kila siku ya mbio. Alfajiri, kama leo! Na wewe utawaosha, maana mkono wako leo nimeuona."

Dinny alicheka mpaka akashika uzio.

"Bosi," Assumpta alisema kwa sauti ndogo, "basi nitahitaji brashi nyingine."