Bwana wa Satelaiti

Ofisi yake iko Ruti, Mbarara, na kila mwezi huja hapa Juru, katika kambi yetu ya wakimbizi ya Nakivale, kuhakikisha kwa miguu yale aliyoyaona kwenye picha za misitu zilizopigwa kutoka angani. Mimi ndiye ninayemwonyesha njia, kwa sababu anajua kila kichaka cha Nakivale kwa namba yake lakini hupotea akitoka chooni. Kabla ya kugusa tableti yake hufuta kidole kwenye suruali mara mbili, na ukimuuliza jambo hutazama juu kwanza, kana kwamba jibu liko njiani kushuka. Satelaiti huiita “mzee”. “Mzee hawezi danganya,” husema.

Mwezi uliopita mzee alionyesha doa jekundu nyuma ya nyumba ya Godeberthe, jirani yangu Mrundi: msitu uliokatwa. Doa kama hilo likiingia kwenye ripoti, watu huzuiwa kulima upande ule.

“Mama, hii picha nasema wewe nakata miti,” alimwambia.

“Pale hapakukuwa pori, baba. Ni migomba yangu. Iligonjwa, watu wa kilimo balinambia niikate yote.”

Yule bwana alitazama juu, akatazama picha, kisha akaingia shambani mwenyewe. Alipiga magoti, akapasua kisiki kimoja kwa kisu, akaona uozo wa manjano ndani. Akakipapasa kwa vidole.

“Mzee amekosea,” alisema taratibu. “Na mimi pia.”

Alifuta lile doa mbele yetu, akaandika kwamba ni migomba iliyokatwa kwa sababu ya ugonjwa, halafu akamwomba mama amtajie jina lake herufi moja moja, lisije likakosewa.