Kadi ya Wekundu na Mgongo wa Fundi Athumani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nimechoka kuikumbuka, lakini haiachi kunijia.

Enzi za Mwingereza nilikuwa karani katika zahanati moja huko Temeke. Ililetwa taa ya miale ya kutibu magonjwa ya ngozi. Kazi yangu ilikuwa kuitazama ngozi ya mgonjwa siku moja baada ya kukaa chini ya taa, kuilinganisha na kadi yenye rangi tano, kuanzia waridi hafifu hadi wekundu wa damu, kisha kuandika namba. Nikiandika sifuri, yaani hakuna wekundu wowote, daktari huongeza dakika za taa. Kadi ile, naomba ieleweke, ilichorwa kwa kufuata ngozi ya Mzungu. Hakuna aliyeona haja ya kutuuliza sisi.

Akaja fundi Athumani, seremala wa Keko, mwenye ugonjwa wa ngozi mgongoni. Siku moja baada ya kupigwa taa, nikaiweka kadi kando ya mgongo wake. Wekundu sikuuona, palikuwa peusi zaidi tu kuliko jana yake.

"Bwana karani, panawaka kama nimelalia makaa."

"Kadi haionyeshi kitu, fundi."

"Basi ivue shati hiyo kadi, ikalale yenyewe chini ya taa!"

Wagonjwa wakaangua kicheko. Nami, kwa kuona nimedharauliwa, nikaandika sifuri, tena kwa mwandiko mzuri. Dakika zikaongezwa. Kesho yake mgongo ulijaa malengelenge, na fundi hakushika randa mwezi mzima.

Mzee Likwata, muuguzi wetu mkongwe kutoka kusini, aliniita siku ile ile ya malengelenge. Alinishika mkono, akaugusisha mgongo wa fundi, kwanza palipokuwa pamefunikwa na nguo wakati wa taa, kisha pembeni ya palipoungua.

"Hapa baridi. Hapa moto, tena pamevimba. Hukuwa na mkono jana?"

"Kadi, mzee..."

"Kadi haikuajiriwa. Umeajiriwa wewe."

Nilimwomba fundi radhi, akanisamehe. Sifuri yangu sikuifuta. Chini yake niliandika, "Karani alikosea," nikatia sahihi. Tangu hapo nikawa nafunika kipande cha ngozi ya kila mgonjwa kwa kitambaa, ili nilinganishe weusi, joto na uvimbe na ngozi yake mwenyewe. Niliomba safu ya maneno ya mgonjwa iongezwe kwenye fomu, nikakataliwa. Nikaichora kwa rula, fomu baada ya fomu, hadi nilipostaafu. Hakuna aliyenishukuru.

Mwanangu, ukikabidhiwa kipimo, uliza kwanza kilitengenezwa kwa ajili ya nani. Anayekuambia anaumia, andika kwamba anaumia, hata akikufanya uchekwe mbele za watu. Mwenyezi Mungu akujalie mkono mwepesi kwa wagonjwa, na moyo wa kukiri kosa kabla halijamuunguza mwenzio. Amina.