Mjukuu wangu alinyimwa class ya gifted kwa kukataa kuhesabu watoto

Wakuu, habari za saa hii. Mimi ni mzee wa kujenga kwa mawe, shule niliacha darasa la tatu, kwa hivyo makosa ya kuandika mtavumilia. Uongo ndio hamtapata hapa.

Niko na hasira na sitaificha.

Msichana wangu Ndinda anashona nguo kwa viwanda vya EPZ huko Athi River. Mtoto wake, Mwikali, ana miaka saba na nimemlea mimi hapa Machakos. Huyo mtoto ana kichwa. Nikipima ukuta, ananiambia mawe yatakayoingia kabla sijatoa penseli kwa sikio.

Na hakosei.

Ndinda akasikia Syokimau kuna shule iko na class ya gifted, wale wenye akili wanafundishwa kando. Lakini wanachukua watoto wa mtaa kwanza, so lazima uhamie karibu.

Tukaanza kupima. Syokimau ni mbali na kazi yake, na mbali na mimi. Athi River iko karibu na kazi, lakini shule ni ya kawaida na watoto wamejaa.

Tukasema acha mtoto apate hiyo class. Nyumba ikaonekana, ghorofa ya tatu, hata kuku huwezi kufuga. Ikabaki interview tu.

Nilimpeleka mwenyewe, na koti nikavaa. Mwalimu akatusalimia vizuri, akasema hata yeye ni Mkamba, kwao Masinga. Nikafurahi, mjinga mimi.

Akatoa picha ya watoto wakicheza. "Mwikali, how many children?"

Mtoto akaangalia picha, mikono mgongoni.

"Count them."

Mwikali akaniangalia, akasema polepole, "Watoto hawahesabiwi."

Wakuu, hapo ni mimi. Kwetu watoto wa mtu na ng'ombe wa mtu huwanyooshei kidole ukisema moja, mbili, tatu. Ni kuwatakia mabaya. Nilimfundisha hivyo tangu aanze kutembea.

Mwalimu akaandika. Kizungu changu ni kidogo lakini "cannot count", yaani hawezi kuhesabu, niliisoma.

Nikasimama. "Mwalimu, kwani huko Masinga mnahesabu watoto?"

Akacheka. "Mzee, hata nyanya yangu alikuwa anakataa. Lakini form inataka namba."

Yaani alijua! Angekuwa mgeni ningenyamaza. Alijua, na bado akaandika.

Tulipotoka nje mtoto akanishika mkono. "Umau," ndivyo anavyoita babu yake kwa Kikamba, "walikuwa saba. Nilihesabu kwa roho. Nimefanya vibaya?"

Nikamvalisha koti langu, tukaenda kutafuta matatu.

Nafasi hatukupewa, nyumba tukaacha. Ndinda akaninunia wiki mbili. "Baba, ni wewe umemfungia mtoto mlango." Iliniuma, maana nusu ilikuwa kweli.

Tukaenda ile shule ya Athi River iliyojaa. Mwalimu ni mama Msomali, mila zetu hazijui. Naye akatoa picha, watu wa nyumba moja wamekaa wanangoja chakula. Akauliza ni wangapi.

Mwikali akakataa tena. Mimi huko nyuma nishaanza kufunga koti tuende.

Huyo mama akaweka kalamu chini. "Haya, usiwahesabu. Wewe ndiye unapakua. Utatoa sahani ngapi?"

"Tisa," mtoto akajibu papo hapo.

Mwalimu akarudi kwa picha, akaangalia na kuangalia. "Hapa sahani nane zinatosha. Hii ya tisa ni ya nani?"

"Ya mgeni."

Akamwandikisha hapo hapo.

Sasa nyinyi mnaohamisha watu na vyombo mkifuata class ya gifted, nimejifunza hivi: usiulize shule inaitwaje. Kaa nyuma, uone mwalimu anafanya nini mtoto akimpa jibu ambalo haliko kwa form.

Semeni maoni yenu, sijali matusi. Na yule atakayeniita mshamba, aniambie kwanza yeye angetoa sahani ngapi.