Mama Mkwe Huongea na Gari Langu

Watu wa mtaa wetu wa Observatory wamenicheka vya kutosha. Fundi cherehani mzima, mvi kichwani, na gari la mbio la milango miwili! Tena linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Hapa Johannesburg si neno, baridi yetu ni ya kupasua midomo tu. Lakini mke wangu alikuwa nesi katika mji wa milimani, karibu na Lesotho, na huko theluji haina mchezo. Kila kipupwe nilipanda kwake na mifuko miwili ya unga wa muhogo kwenye buti, ili kukandamiza nyuma lisiteleze. Safari ya kwanza sikuweka kitu, nikazunguka kama pia, nikajikuta natazama nilikotoka. Sikuliuza. Nalipenda, basi.

Mwaka alioshika mimba ya kwanza, akiwa na miaka arobaini, mama yake alikuja kwa basi kutoka Lubumbashi ili amshike mkono siku ya kujifungua. Akafikia kwangu, na hata hajapumzika, asubuhi simu ikalia: uchungu umeanza.

Kwetu Katanga mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, wala hawasemezani. Ndiyo heshima. Kiti cha mbele akakikataa, akajipenyeza nyuma, naye ni mama mwenye mwili wake, Mungu ambariki. Kwa haraka nikasahau unga. Nilipoukumbuka njiani nikajisemea, unga wa nini, uzito si umeshapanda? Mungu anisamehe.

Saa nne nzima hakuna aliyefungua mdomo. Kwenye mlima wa mwisho, theluji imejaa barabarani na hospitali tunaiona pale juu, magurudumu yakaanza kuzunguka bure. Nikakanyaga mafuta kwa hasira, na matako ya gari yakateleza kuelekea mtaroni.

"Eish! Gari la laana hili!"

Nikasikia sauti nyuma yangu.

"Wewe gari, usitukanwe bure. Simama kwanza. Sasa toka na gia ya pili."

Nikasimamisha gari. Marehemu mumewe aliendesha lori barabara ya Kalemie, kwenye matope ya masika, na yeye alikaa pembeni yake miaka yote. Nikaweka gia ya pili.

"Mafuta kidogo, gari. Kidogo, nimesema! Huna masikio? Haya, nyoosha magurudumu. Polepole, mwanangu yuko peke yake kule."

Tukapanda. Machozi yalinitoka, na sioni haya kusema.

Alimkuta binti yake bado anahangaika, akamshika mkono mpaka mtoto akalia. Kisha akatoka nje, akanipa mgongo, akapapasa boneti.

"Asante, gari. Mwambie bwana wako amepata binti."

Siku hizi mke wangu anafanya kazi hapahapa mjini, na theluji hatuioni tena. Anataka tununue gari la milango minne, na kusema kweli ana haki. Lakini kila Jumapili mama yake hupiga simu, na wakishamaliza yao huuliza kwa sauti ya kunifikia:

"Na gari je? Limekula? Mgongo umepoa?"

Mwenye mgongo mbovu ni mimi.

"Mwambie limepoa," namjibu mke wangu. "Mwambie linamkumbuka."

Nikiliuza, mama atanijulia hali kupitia nani?