Karatasi ya Kuonja Munyu

Miaka ile ya sitini, nikiulizwa kazi yangu na nikajibu kwamba ninatenganisha vitu, watu walidhani navunja ndoa. Kumbe nilikuwa mkemia katika maabara ya kiwanda cha mbolea pale Tororo, mashariki mwa Uganda, chini ya mwamba mkubwa unaosimama juu ya mji. Kutwa nzima nilimimina maji ya rangi kwenye mrija mrefu wa kioo uliojazwa unga wa karatasi, nikangoja kila kitu kishuke kwa mwendo wake, vyepesi kuachia mbele, ving'ang'anizi nyuma. Ni kazi ya subira, nami subira sikujaliwa. Niliugongagonga mrija kwa kucha mpaka mkubwa wangu akanikataza.

Mama mkwe wangu, Msamia wa Busia, naye alikuwa na mtambo wake. Chungu chenye matundu chini, kimetandikwa nyasi, na juu ya nyasi majivu ya maganda ya maharagwe. Anamwaga maji juu, na chini yanadondoka maji yenye rangi ya chai. Huo ndio munyu, chumvi ya majivu inayolainisha mboga za majani kama mrenda na kunde. Siku ya kwanza nilipomwona amekaa akingoja matone, nilicheka peke yangu. Mimi nilipelekwa Kampala miaka kadhaa kujifunza kukaa vile vile.

Yeye hakujua Dhopadhola, lugha ya kwetu Kisoko, mimi Kisamia kilinipiga chenga, kwa hiyo tulielewana kwa Kiswahili cha sokoni.

Munyu hupimwa kwa ulimi. Ukizidi ukali, mboga huwa sabuni. Ukipungua, majani hukakamaa. Si kila mwanamke huaminiwa kuuonja, na kwenye harusi na matanga ya pale aliitwa yeye. Alichovya kidole, akagusa ulimi, akafumba jicho moja. Wanawake wote walinyamaza mpaka aseme, "Tia." Sijaona profesa aliyesikilizwa namna hiyo.

Jumamosi moja tulikwenda kumwona, mimi na mume wangu, akiwa ndiyo kwanza ameinuka kutoka kwenye homa mbaya. Alionja munyu, akafumba jicho, akasema nitie. Nikatia. Tonge la kwanza lilinikunja uso kama niliyelamba mche wa sabuni, na mume wangu akanyoosha mkono kutafuta maji. Mama mkwe aliendelea kutafuna, ametulia kabisa. Nilishtuka kuliko nilivyoonyesha.

Mume wangu alipotoka nje nikamwambia, "Mama, munyu leo ni kali."

"Najua."

"Umejua aje?"

"Nimeona uso ya bwana yako." Akaweka sahani chini. "Tangu homa, ulimi yangu nalala tu. Chumvi, sukari, yote sawa na maji. Usiambie mtu. Harusi ya msichana yangu nakuja. Kama hapana kaa kwa chungu, nitakaa wapi?"

Nilimhurumia mpaka nikakasirika, maana huruma yangu huja hivyo. Nikamwambia aniachie mimi.

Kwenye ua wa kiwanda kulikuwa na maua mekundu ya haibiskasi, na kila mkemia anajua kwamba rangi ya ua lile hubadilika likikutana na asidi au na maji ya majivu. Lakini maji ya maua yalivyo yalinipa rangi ya tope tu. Nikayapitisha kwenye mrija wangu pamoja na spiriti, nikaikinga ile sehemu moja inayobadilika vizuri, nikachovya humo vipande vya karatasi ya kuchujia. Vya kwanza nilivianika dirishani, hewa ya kiwanda yenye asidi ikavigeuza vyote vyekundu kabla sijavitumia. Vilivyofuata nilivikausha nyumbani na kuvifungia ndani ya kopo. Munyu hafifu uliviacha na rangi ya samawati, mkali ukavifanya vya manjano, na ule wa sawasawa ukavipa kijani cha jani la mhindi. Kuujua huo wa sawasawa kulihitaji ulimi, na ulimi ukawa wangu. Midomo ilinibabuka. Kisha nikampelekea mama mkwe kopo, nikamfundisha rangi.

Mkubwa wangu aliuliza huo ni utafiti wa nini.

"Wa kunde," nikamjibu. Akarudi kwenye chai yake.

Siku ya harusi wanawake waliuzunguka moto, wengine wakiimba. Mama mkwe aliingiza kidole kwenye munyu, tone likateremkia karatasi aliyoificha kiganjani. Akagusa ulimi, akafumba jicho moja. La pili likachungulia kiganja. Manjano.

"Ongeza maji," alisema.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akikata nyama akainua kichwa, maana hawakuzoea kusikia hivyo. Nikajifanya napuliza moto. Maji yakaongezwa, akachovya tena. Safari hii alikawia hata wimbo ukakatika.

"Tia."

Mboga zikasifiwa. Bakuli zilirudi tupu, na wanawake wakamtania kwamba mwaka huu ameanza kuringa, anaonja mara mbili. Alicheka pamoja nao. Walipotawanyika kwenda kucheza ngoma, aliniita nikae naye kwenye mkeka, sahani ikiwa katikati yetu.

"Karatasi yako nasema hii mboga ni tamu?"

"Karatasi inajua ukali peke yake, mama. Utamu haijui."

Akaitikia kwa kichwa. Akafinyanga tonge, akalichovya kwenye kunde, akalishika mkononi bila kulipeleka mdomoni.

"Basi kula wewe," alisema. "Mimi nitakula polepole. Uniambie."

Nikala. Nikamwambia kwamba munyu unakuja kwanza, kidogo tu, kisha maziwa yaliyopikiwa kunde, na kwamba jani limelainika lakini halijapotea. Alitafuna akinitazama mdomo. Nilipomeza na kunyamaza, naye akaacha kutafuna.

"Endelea," akasema.