Bibi Hakugeuza Mara ya Pili

Juzi tulimzika bibi yetu pale Mpitimbi. Baada ya mazishi majirani wakatuandalia wajukuu ugali kwenye sinia tatu. Hakuna aliyetupanga. Nilipoinua macho nilishtuka nusura tonge linikwame: watu wazima tisa, wenye mvi na vitambi, tulikuwa tumekaa vilevile kama jioni ile ya mwisho.

Ngoja nikueleze. Bibi alitulea tisa, tukila kwenye sahani tatu za bati, watatu watatu. Alituhesabu kwa namna yake: sahani kwanza, halafu nafasi. Mimi nilikuwa moja-moja. Dada yangu, sahani ya kwanza nafasi ya tatu, alikuwa moja-tatu. Baada yake ilifuata mbili-moja, kwani hesabu ya bibi haikuijua nne. Nilipoanza shule, mwalimu aliandika 13 ubaoni akauliza inayofuata. Nikajibu kwa kujiamini, "Mbili-moja!" Mwalimu alibaki mdomo wazi, kisha akatafuta fimbo.

Katikati ya mlo, wenye mikono myepesi wakishaanza kumaliza likolo, mboga ya majani, la wenzao, bibi alipaza sauti: "Geuza!" Kila mtoto aligeuza namba yake na kuhamia huko. Moja-tatu alikwenda tatu-moja, na wa tatu-moja akaja kwetu. Mara ya kwanza niliangua kilio. Dada ndiye aliyekuwa akinisogezea maharage, sasa anakwenda! Mimi nami, moja-moja, hata ningejigeuza vipi nilibaki palepale. Lakini kabla ugali haujaisha bibi aliita tena, "Geuza!" na wote wakarudi kwao, hakuna hata mmoja aliyekosea njia. Niliduwaa. Bibi akacheka: "Ukigeuza mara mbili, mwanangu, hapotei mtu."

Ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa, maduka ya Majengo kule mjini yakajaa vitu. Mama mdogo naye akafungua lake. Jioni moja bibi alikuwa ametugeuza mara moja tu, dada yuko sahani ya tatu, tukasikia honi. Mama mdogo alishuka na sahani tisa za plastiki, kila mtoto na yake, rangi zinang'aa. Akasema anamchukua dada akasome mjini, na dereva ana haraka. Dada alipandishwa garini mikono bado ina ugali.

Nilikimbia nyuma ya gari, kisha nikamrudia bibi. "Bibi, bado hujageuza!" Alikusanya sahani za bati akaziweka darini, na neno lile sikulisikia tena nyumbani kwetu.

Dada alikulia mjini. Nikabaki Mpitimbi, moja-moja wa watu, na kila tulipokutana tulisalimiana kama wageni. Iliniuma, sikufichi.

Basi juzi, tukiwa kwenye zile sinia, nilimwona yuko tatu-moja, anautazama ugali bila kula. Ghafla ikasikika sauti ya bibi kabisa: "Geuza!"

Alikuwa yeye, dada, machozi yanamtoka. Watu wazima tukainuka tukipishana, majirani wanatushangaa. Sahani za bati zilikwishaliwa na kutu, na aliyetuhesabu tulikuwa tumemfukia asubuhi ile.

Dada alikuja akakaa nafasi ya tatu, kwenye sinia yangu. Alinisogezea maharage.