Usiku Kumi na Tisa wa Eduvina

Siku ya ufunguzi wa maonyesho ya mashindano ya picha za nyota, Eduvina Araya alivaa gauni lake la bluu akaongozana na mumewe Hernaldo na wapishi wenzake wanne hadi jumba la utamaduni la mji wa Vicuña. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi, mwanamke mfupi mwenye mikono iliyozoea kunyanyua masufuria, na hasira zake zilijulikana kuanzia jikoni hadi ofisini kwa mwalimu mkuu. Alitaka wenzake waione picha yake ukutani. Waliikuta. Chini yake palibandikwa karatasi: "Imeondolewa mashindanoni. Uhalisi wake haujathibitishwa."

Wapishi walisoma. Mmoja akajitia kukohoa.

"Maana yake nini?" Hernaldo akauliza, kana kwamba hajui kusoma.

"Maana yake mimi mwizi," Eduvina akasema.

Picha ilikuwa ya Buibui, lile wingu la gesi la anga ya kusini lenye nyuzi nyekundu kama miguu. Likizo mbili za kiangazi alizimalizia uani kwa ajili yake. Usiku mmoja haukutosha: kamera yake ilikuwa ya mtumba, na picha zake zilijaa chenga kama televisheni iliyokosa mawimbi. Lakini ukizichukua picha za usiku wa pili, ukazilaza juu ya zile za kwanza nyota kwa nyota, kompyuta ikazitafutia wastani, chenga hupungua, kwa kuwa chenga hazitulii mahali pamoja, na wingu hutulia. Usiku wa tatu nyuzi huanza kujitokeza. Eduvina alifika usiku wa kumi na tisa. Kila jioni aliitoa mwenyewe darubini iliyofungwa kamera hiyo na kila alfajiri aliirudisha ndani, maana ukuta wa uani kwao ulikuwa wa kurukwa na yeyote. Basi kamera haikukaa hata siku moja kama ilivyokaa jana yake. Picha za kila usiku zilipinda kidogo, na kwenye kingo, ambako hazikufunikana zote, ilibaki mistari na chenga. Hernaldo alimwambia azikate kingo hizo. Akakataa. "Nimezikeshea," alisema.

Sasa kingo hizo ndizo zilizomponza. Jaji, injinia Larrondo, alikuwa ametoka mji mkuu, na alipoitwa alikuja na glasi yake ya divai mkononi.

"Mama, usichukulie vibaya," alisema. "Tazama pembe hizi. Ni mishono. Picha imeungwaungwa kutoka kwa picha za watu wengine. Uzuri huu hautoki kwenye darubini ya uani. Huenda kuna mtu alikusaidia bila wewe kujua."

"Bila mimi kujua! Injinia, mimi napikia watoto mia tatu kila siku. Hujawahi kuona dengu zikijipika. Hernaldo, nenda nyumbani kalete kompyuta."

Hernaldo alikwenda mbio. Bi. Pilar, mkuu wa jumba, alijaribu kusema kwamba hafla ina ratiba yake, lakini watu walikwisha kuanza kuvuta viti. Kompyuta ikaunganishwa kwenye kioo kikubwa cha ukumbini.

"Huu usiku wa kwanza," Eduvina akasema. "Chenga tupu. Huu wa pili, nimeulaza juu yake. Unaona ulivyopinda? Huu wa tatu."

Aliendelea hivyo bila haraka. Kingo zilizidi kutokeza huku na huku, kama karata zilizopangwa na mlevi, na katikati miguu ya Buibui ikazidi kunyooka.

"Na huu ni wa nane, siuweki. Mbwa aligonga mguu wa darubini, kila nyota ikaota mkia. Nionyeshe ni nani mwingine duniani mwenye mbwa huyu, injinia, nikamdai picha yangu."

Watu wakacheka. Larrondo aliinama akasoma tarehe za mafaili, moja baada ya nyingine, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ni zake."

Bi. Pilar akamvuta Eduvina pembeni. Mshindi alikwisha kutangazwa, lakini kulikuwa na kamera nyingine ya zawadi, yenye kipoza cha kupunguza chenga, na barua nzuri ingemfuata nyumbani. "Tusiwaharibie watu sherehe, mama."

"Karatasi ile mnaibandua?"

"Sasa hivi."

"Na pale pale mnabandika nyingine, kwamba mlikosea."

"Hilo, kwa kweli, si lazima liwe hadharani," Larrondo akasema.

"Mmenitukana ukutani. Niombeni radhi ukutani."

Eduvina hakungoja jibu. Aliing'oa picha yake, akaitia kwapani, akatoka.

Njiani Hernaldo alishindwa kunyamaza. "Kamera ile ina kipoza, Vina! Chenga zingepungua nusu!"

"Kaichukue wewe. Waambie mkeo amekuwa bubu, hadai tena radhi."

Hawakusemezana hadi Jumapili. Jumatatu, kwenye foleni ya chakula, mtoto wa darasa la pili aliinua sahani yake akauliza, "Shangazi, ni kweli ile picha uliiiba?" Eduvina alimpakulia viazi, kisha akaingia stoo akapiga teke gunia la mchele.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu, maonyesho yamekwisha. Ilitiwa sahihi na Bi. Pilar na Larrondo: walikosea, picha ilikuwa kazi ya Bi. Eduvina Araya tangu usiku wa kwanza hadi wa mwisho. Hernaldo alitaka kuitia kwenye fremu. Eduvina aliibeba kazini, akakoroga gundi ya unga wa ngano, na saa ya mapumziko akaenda jumbani na aproni yake. Alipita mezani kwa Bi. Pilar bila salamu, akaupaka ukuta mtupu gundi, akaibandika.

"Mama Eduvina! Ukuta umepakwa rangi juzi!"

"Basi itashika vizuri."

"Lakini hapana maonyesho tena. Nani ataisoma?"

Eduvina alivuta kiti akakaa kuielekea, mikono kifuani. Punde waliingia bibi wawili waliokuwa wakiulizia darasa la kufuma.

"Ngojeni kwanza," akawaambia. "Someni pale. Kwa sauti."